Mlima Ukifunguka

Veronika alikuwa dukani kwa Hitesh, katikati ya Moshi mjini, lakini macho yake hayakuwa kwenye bidhaa. Yalikuwa nje, juu ya mabati ya soko, kwenye wingu zito lililoufunika mlima.

"Kaa hapo hapo," alilinong'oneza wingu. "Nakuomba, usiondoke."

Maana wingu likiondoka na mlima ukafunguka, Elimringi anatoka.

Wala hatoroki kwa hila. Anavaa buti, anachukua koti, anafungua mlango mchana kweupe na kushika njia ya msituni kama mtu aliyeitwa kazini. Tangu Jumapili kafanya hivyo mara mbili. Mara ya pili walimkuta juu kabisa ya mashamba ya Kirua, kalowa chapachapa, meno yanagongana, na bado anapandisha. Na msitu ule hauna utani na mtu. Mwaka juzi kuna aliyepotelea humo akitafuta kuni. Alipatikana siku ya tano, na waliompata walirudi wamevua kofia.

Kilichokuwa kinamtuliza Elimringi ni gemu. Usicheke. Davis, mtoto mkubwa wa Veronika, alipokwenda chuo aliiacha mashine yake ya gemu sebuleni, na Elimringi akaikalia. Alicheza gemu moja tu, ile ya kupanda milima ya theluji, pedi mkononi kutwa nzima, mlima wa nje ufunguke usifunguke. Nyumba ikapumua miezi minane. Jumapili umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ikanuka kuungua. Amani ikaishia hapo.

Hitesh aliweka maboksi mawili juu ya kaunta.

"Mama Davis, mimi sitaki kukudanganya. Hii ya zamani ni kama ile yenu, lakini imeshazeeka. Hawaitengenezi tena, gemu mpya haziji, na hii yenyewe imetumika. Itakupa mwaka, ukibahatika miwili. Chukua hii mpya, kijana atakaa nayo mpaka amalize shule."

"Hiyo mpya inakubali CD yake?"

"Haina hata pa kuingizia CD. Gemu unazivuta kwenye mtandao. Atachagua nyingine, ziko tele."

"Hataki nyingine. Na hiyo pedi akiiona ni ngeni ataitupa uani."

Hitesh akacheka. "Mnawadekeza sana, mama! Si umfungie mlango? Sisi tulichapwa, tukatulia."

Kumchapa! Mungu apishe mbali. Na kumfungia ndiyo kabisa. Mume wake, aliyekuwa kazini Mtwara, alishasema kwenye simu: fanya lolote, Veronika, lakini usithubutu kumfungia Elimringi mlango. Veronika mwenyewe hata kumvuta mkono hakuweza. Angeweza kumweleza Hitesh yote hayo, lakini ya nyumbani hayaanikwi dukani.

Hofu mbili zilikuwa zinamvuta, huku na huku. Akinunua ya zamani ikafa, Elimringi atarudia msitu, na wakati huo mashine ya namna hiyo haitapatikana Moshi nzima. Akinunua mpya, huenda asiiguse kabisa, na ng'ombe aliyemuuza kwa ajili hiyo amekwenda bure. Akaishika ya zamani, akaipuliza vumbi, akaiweka. Akaishika tena. Hitesh akaacha kucheka.

"Mwaka mmoja, miwili," Hitesh alisema kwa upole. "Itawatosha kweli?"

"Itatosha," alijibu Veronika, na palepale akaona aibu kwa alichokiwaza.

Alipoinua macho, wingu halikuwepo. Kilele chote cha Kibo kilikuwa wazi, cheupe, mpaka ubavuni. Simu ikaita. Alikuwa Kindness, jirani yake.

"Mama Davis, mlango wenu uko wazi! Kapita hapa kwangu sasa hivi, na buti miguuni!"

"Hukumzuia?"

"Nimzuie mimi kama nani? Tumesalimiana tu, akapita."

Veronika alilipia ile ya zamani, akalifunga boksi mgongoni kwa kanga kama anavyofungwa mtoto, akarukia bodaboda ya kwanza aliyoiona. Njia nzima alikuwa anamhimiza dereva, "Ongeza, baba, ongeza," naye dereva anaapa kwamba pikipiki haina mabawa. Barabara ilipoishia alishuka akakimbia. Alipita migomba, akapita kahawa, akaruka mfereji, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, hakukirudia. Alimwomba Mungu kwa Kiswahili, alipoona hajibiwi akamwomba kwa Kichagga.

Alimkuta kwenye korongo, pale msitu unapoanzia. Elimringi alikuwa amempa mgongo, mguu mmoja tayari juu ya gogo linalovusha watu ng'ambo. Gogo lilikuwa limelowa, linateleza kwa utando wa kijani, na chini maji yanavuma juu ya mawe.

Veronika aliziba mdomo kwa kiganja. Akipiga kelele atamshtua, ataanguka. Akimkimbilia atamshtua vilevile. Akasogea hatua moja, akasogea ya pili, akakunja magoti kidogo kama alivyofunzwa siku alipoolewa katika ukoo ule, akaikusanya sauti yote iliyombakia.

"Shikamoo, baba mkwe."

Mzee akautoa mguu kwenye gogo, akageuka taratibu na kuutazama mzigo uliokuwa mgongoni mwa Veronika.

"Marahaba," alisema. "Mpagazi, umechelewa. Wageni tunaowapandisha leo wako wapi?"