Pengo la Wavu

Siwema aliingia uani akiburuta gunia, akamkuta baba mkwe wake, Makanyaga, akiziba tundu kwenye wavu wa kuwindia paa.

Zamani kila nyumba ilitoa wavu na mwanamume wa kuusimamia, nyavu zikaungwa hadi zikazunguka kichaka kizima. Sasa vijana walikuwa machimboni. Nyavu zilizobaki hazikutosha, na wazee walishasema pengo lisipozibwa keshokutwa, msako ndio basi tena.

"Shikamoo, baba. Wavu wa mwanao huu," akasema akiutoa guniani.

Makanyaga hakuwa ameuona tangu mazishi ya mwanawe. "Marahaba. Panya wameufaidi. Na nani atausimamia?"

"Mimi."

"Wanawake kazi yenu kupiga kelele, paa wakurupuke."

"Kelele nimepiga miaka yote, baba. Minofu mnakula nyie."

Mzee alicheka. Akamsogezea kigoda na kamba ya katani. Siwema akafunga fundo la kwanza. Makanyaga akalivuta kwa nguvu, likafunguka.

"Rudia."

Akarudia. Giza lilipoingia, matundu mengi yalikuwa bado. Waliziacha nyavu mbili zikining'inia uani hadi kesho, ncha ya mmoja imefungwa kwenye ncha ya mwingine.