Jina la Pili

Mwaka ambao mvua ilisahau njia, wanyama walitaka mwenyekiti wa kisima, wa kugawa maji kwa haki. Walipiga kura mara tatu, na mara zote wakatoka sare, kwa sababu kila mnyama alijipigia mwenyewe.

Wakamwendea Profesa Kakakuona, aliyekuwa ametumia miaka thelathini kuchunguza chaguzi za wenzake.

"Jambo dogo hilo," akasema Profesa. "Kila mmoja aandike majina mawili. La kwanza liwe lake, najua hamtajizuia. La pili liwe la mwenzake. Yote tutayahesabu sawa."

Moyoni alijua majina ya pili yatakuwa yake, maana hakuwa na ugomvi na yeyote.

Wakapiga kura. Nguchiro akahesabu, akarudia, kisha akatangaza: "Konokono ameshinda. Yumo katika kila karatasi!"

Konokono mwenyewe alikuwa bado yuko njiani, anakuja kupiga kura.

Fisi akaruka. "Haiwezekani! Mimi nilimwandika kwa kuwa nilijua hawezi kushinda!"

"Hata mimi!" akasema Ngiri.

"Hata sisi!" wakasema wengine.

Wote wakamgeukia Profesa. "Msomi mzima, hukuliona hili?"

"Nililiona zamani. Limo katika kitabu changu, sura ya nane."

"Na wewe je, jina la pili uliandika la nani?"

Profesa akajikunja akawa kama mpira, na kutoka ndani ya magamba ikasikika sauti ndogo: "Konokono."