Profesa Aliyekuja kwa Suala la Fedha

Vigelegele vyote viliishia kwenye Land Cruiser iliyopita bila kusimama, ikawaachia wanakijiji vumbi. Mgeni mwenyewe alikuwa nyuma, kwenye bodaboda, amekumbatia begi.

"Baba Vumilia, Mwingereza gani huyu wa bodaboda?" Serafina alimnong'oneza mumewe. "Na viatu vimelika soli."

"Tajiri wa kweli hajionyeshi," alijibu mzee Ngusa, kwa uhakika wa mtu asiyemfahamu tajiri hata mmoja.

Ngusa alikuwa ameuza karibu zizi zima kujenga msingi wa chuo kikuu kijijini kwao, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, ili binti yake Vumilia asome nyumbani. Msingi ulipokwisha akabaki na fahali mmoja, na mbuzi wa majirani wakawa wanafunzi wa kwanza. Kijiji kilimcheka mpaka kikachoka. Ndipo akaiandikia serikali ya Uingereza: nimeuza ng'ombe nikajenga msingi; nanyi mlitutawala, njia ya dhahabu mnaijua, basi tujengeeni hata madarasa. Wiki iliyopita simu ikaja: profesa yuko njiani kwa suala la fedha za chuo kikuu. Mzee alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakuona haya.

Mgeni akachinjiwa yule fahali. Alisema "shikamoo" kwa Kiswahili cha darasani, akala, akaongezwa, akashukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana", akaongezwa tena. Alikula kwa bidii ya msomi. Kisha akauzunguka msingi polepole, akaupapasa, machozi yakimlengalenga.

"Haya yote ni ng'ombe wako tu? Serikali haikukupa chochote?"

"Hata senti, profesa."

"Ajabu. Kwetu hakuna mtu kama wewe."

Ngusa akamkonyeza mkewe. Tayari alikuwa anayaona mabati, Vumilia ndani ya joho, na wale waliomcheka wamepanga foleni kuomba kazi ya ulinzi.

Profesa akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama kijana aliyekuja kuposa.

"Mzee Ngusa, chuo chetu kule Uingereza kina miaka mia nne, na mwezi ujao kinafungwa. Tulipokwenda kuomba fedha, serikali ikatukabidhi barua yako." Akashusha sauti. "Hivi, ng'ombe umebakiza wangapi?"