Sketi ya Mwaka Jana

Gari la shule lilikuwa limeshapita geti, waliobaki bado wanapunga mikono, msichana alipoomba kushuka akojoe.

"Si umetoka chooni sasa hivi?" dereva alimuuliza. "Wewe ni mtoto au bomba bovu?"

"Mwache," alisema mwalimu wa afya. "Anakunywa maji. Wenzake wangekuwa hivi, mimi ningelala usingizi."

Mwalimu alikuwa pia shangazi yake, na ndiye aliyemlea. Mwaka jana binti huyu shule nzima ilimwita Pipa. Ndipo mwalimu akatangaza vita: soda marufuku, pipi marufuku, mboga na matunda kila sahani, na kila Ijumaa watoto wapande mizani mbele ya wenzao. Wengi hawakupungua kitu. Wengine walinenepa kwa ubishi. Lakini Pipa, tangu warudi kutoka likizo, aliyeyuka kama mshumaa. Leo alikuwa anapelekwa kwenye mashindano ya shule zinazolisha watoto vizuri, amevaa sketi yake ya mwaka jana, imebanwa kwa pini kiunoni, majaji wajionee wenyewe.

Kitu kimoja kilimkosesha mwalimu raha: sisimizi. Choo cha wasichana kilikuwa na sisimizi waliojipanga sakafuni kama wamealikwa harusi. Sisimizi hawafuati maji matupu. Kuna mtu aliingiza soda mle, na majaji wakilisikia hilo, kombe limekwenda na maji. Kwa hiyo jana yake alikuwa amemwita ofisini mama wa usafi.

"Mwalimu, chupa sijaona hata moja," yule mama alisema. "Naona wadudu tu. Tena ni choo kimoja, kile cha mwisho, anachopenda binti y..."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mwalimu alimkatisha. "Weka funguo mezani."

Msichana alirudi garini akijikokota, akamwegemea shangazi yake.

"Shangazi, nina kiu."

Alipewa chupa nyingine, akaimaliza bila kupumua. Pumzi yake ilinukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Mwalimu alicheka.

"Mnasikia? Hata pumzi imekuwa matunda."

"Shangazi, naomba nisipande jukwaani. Tumbo linaniuma."

"Woga huo. Usije ukanitia aibu mbele za watu."

Ukumbini mwalimu alizichomoa pini kwa mkono wake mwenyewe. Sketi ikateremka, msichana akaiwahi kwa ngumi, akaishikilia. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Mtoto alikuwa akihema kama aliyekimbizwa.

"Siri yako nini, mwanangu?" jaji mmoja aliuliza.

"Maji," alisema. Akakaa chini pale pale jukwaani, kisha akalala ubavu. Watu wakadhani ni mchezo wa kuigiza, wakaongeza makofi.

Kombe lipo ofisini, ndani ya kabati la kioo. Mwalimu alipandishwa cheo. Sasa anazunguka shule nyingine na mizani yake. Dereva aliacha kazi akaenda kuendesha lori la mchanga, akisema mchanga hauombi kushuka. Mama wa usafi hakurudishwa. Msichana hakuamka. Hospitali walisema ni ugonjwa wa sukari, ulimtafuna wiki nyingi bila mtu kuuona. Mwalimu aliwajibu kuwa mtoto wake hagusi sukari. Wakamzika Jumapili.

Chooni hapakupigwa dawa yoyote. Sisimizi waliondoka wenyewe wiki ile ile.