Dhiraa Mbili Zilizobaki

Msuka mikeka alikuwa ameshashika mkasi, tayari kuufumua mkeka wa mwisho aliopimiwa na mumewe. Marehemu alipima kwa dhiraa, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na kila ilipoishia alifunga uzi mwekundu. Zilibaki dhiraa mbili mkeka ukamilike. Nyumba ile haikubadilisha mkono wa kupimia katikati ya kazi; kuleta futi kamba kungekuwa matusi.

Mwanawe alikuwa amejinyoosha juu ya mkeka huohuo, kapitiwa na usingizi wa mchana, begi lake likimsubiri mlangoni. Alikuja kuzika, si kukaa.

Jua la dirishani likamtambaa mkononi. Mama akautazama ule mkono kama anauota. Kiwiko kimetua juu ya uzi mmoja. Kidole cha kati, chenye kovu la utotoni, kimegusa uzi wa pili, wala hakikuzidi hata unywele.

Mkasi ukamponyoka.

"Mama, unafanya nini?" akauliza kijana, macho bado kayafumba.

"Lala, baba. Napima."

Kijana akafumbua macho, akazitazama nyuzi, na taratibu akausogeza mkono hadi kiwiko kikakaa kwenye uzi wa mwisho, vidole vikalala kwenye sakafu tupu.

"Suka mpaka hapa kwanza; ya pili nitaipima ukifika," akasema.