Chupa ya Nyuma

Mkono wa kulia ulirudi nyuma wenyewe, ukapapasa nyuma ya kiti, ukaigusa chupa. Ipo. Mwanamke akaurudisha kwenye usukani, akaendelea kukanyaga pedali. Kabla ya kona iliyofuata ulikuwa umerudi tena.

"Shemeji, hiyo chupa haina miguu," fundi baiskeli alimtania asubuhi, alipomwona akiizungushia mpira juu ya kamba aliyokwisha kuifunga. "Hata tetemeko la ardhi haliitoi hapo."

Hakucheka. Fundi, rafiki wa marehemu mumewe tangu shule, akajikohoza, akaenda kujaza upepo magurudumu yaliyokwisha kujazwa.

Kila mtu alimwelewa. Mumewe alifia kwenye mashindano haya haya mwaka jana: kuogelea, baiskeli, kisha kukimbia, kutwa nzima jua likiwachoma utosi. Walishindana wote wawili, yeye mbele, mume nyuma akija kasi. Kwenye mteremko, pale penye tuta, gurudumu la mume lilikanyaga chupa iliyochomoka kwenye baiskeli ya mtu. Ndiyo basi. Chupa ya maji tu, jamani!

Yeye hakusikia kitu. Upepo ulimjaa masikioni, akaenda zake, akaja kuambiwa wakati anavua helmeti. Toka siku hiyo alikufa ganzi. Msibani hakulia. Walisema mwacheni, atalia tu. Hakulia. Alikula akiambiwa kula, akalala akiambiwa lala.

Aliyemfikia marehemu kwanza alikuwa mama yake mzazi, maana alijitolea kugawa vinywaji, na meza yake ilikuwa hatua chache chini ya tuta. Hapo ndipo waendeshaji wanaporuhusiwa kutupa chupa tupu na kupokea zilizojaa. Waamuzi walipomuuliza kuhusu chupa, aliwaonyesha barabara.

"Si mnaona zilivyozagaa? Nani ajue ipi ni ya nani?"

Siku ya tatu ya msiba, jirani mmoja asiyejua kufunga mdomo alisema huyo mwenye chupa alaaniwe popote alipo. Mama akamtazama.

"Mwenye chupa anajijua," akasema, kisha akaomba maji ya kunywa. Mkwewe akainuka, akaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Wakabaki wawili, mama mkwe na mkwe, nyumba moja. Mkwe, wazazi wake walishatangulia. Mama, mtoto wake alikuwa marehemu peke yake. Walikula meza moja, waligombania rimoti, na Jumapili mama alimsuka nywele huku akimsema kwa kukaa kichwa upande. Mkwe hakuwa na mtu mwingine duniani, na alilijua hilo vizuri.

Hata hivyo, chini ya kitanda kulikuwa na begi limeshafungwa. Alimwambia mama kwamba amepata kazi mji mwingine, na mashindano yakiisha tu, kesho yake anaondoka. Mama akauliza kama huko kuna baridi, amtafutie blanketi.

Leo, kama mwaka jana, alibeba chupa tatu. Ya kwenye usukani na ya kwenye fremu zilikuwa za maji matupu. Ya nyuma ilikuwa ya ndimu, sukari na chumvi, na shingoni aliivisha pete mbili za mpira alizokata kwenye tyubu kuukuu, ili vidole viitambue bila macho kuondoka barabarani. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Mume alikuwa akimcheka: "Chupa yako imeolewa mara mbili, wewe!"

Mteremko ukaanza. Alishika breki mapema, akashuka taratibu mno, hadi waliokuwa nyuma wakampita wakimsonya. Tuta lile pale. Akalivuka kama anayebeba mayai. Mkono nyuma. Ipo.

Mezani, mama mkwe alikuwa amesimama mwisho wa safu, kofia pana kichwani, chupa imenyooshwa barabarani. Mwanamke akaitupa ile tupu ya kwenye fremu, akanyoosha mkono bila kutazama, kama walivyozoea.

"Shika vizuri, mwanangu," mama akasema.

Vidole vikaifumbata. Vikakuta pete mbili za mpira.

Aliisukuma chupa kwenye fremu haraka, mkono ukakimbilia nyuma. Ya nyuma ilikuwepo, na pete zake. Ndipo akainama kuitazama hii nyingine. Ilikuwa imeoshwa vizuri, imejazwa hadi juu. Ubavu mmoja ulikwaruzwa na lami, na tumboni ilibonyea, alama ya tairi ikiwa imepita juu yake. Ndiyo ile yake iliyochomoka, aliyoitafuta mwaka jana mwisho wa mteremko huu, kiu imembana, mkono ukakuta kishikio kitupu.

Barabara ikaanza kumpotea kwa machozi. Nyuma yake, juu ya kelele za watu, sauti ya mama ikamfikia.

"Na urudi nayo nyumbani!"