Siku Hakorimana Alitembea

Hakorimana alikuwa anatembea.

Mukandayisenga njo aliona wa kwanza. Aliacha jembe katikati ya maharagi, akaita wenzake, na wanawake wakatoka mmoja mmoja kusimama mbele ya lupango zao, kwenye milango ya nyua. Kwa kilima ile, juu ya barabara ya kutoka Walikale, hakuna aliyependa kumuona Hakorimana akitembea na mufuko ya poste kwenye mugongo.

Ule muntu alikuwa mukimbiaji wa Leta, wa kupeleka barua za serikali. Alikuwa anatoka Walikale, anapasua pori, anapanda milima, na kufika Masisi wakati wengine wangali wanatafuta fimbo ya safari. Kwa sikukuu ya mufalme alishindana na askari, akawaacha mbali sana, hata watu wakasahau kuwangojea.

Lakini kila muntu alijua sheria yake. Kama iko na barua tu, anakimbia. Kama iko na habari ya kifo, anatembea, kwa maana kufika mbio na kifo kwa watu ni kuwatukana. Anasimama inje ya lupango. Hakunywi maziwa ya pale, hata kiu ikimukaba. Na hasemi kitu kabla ya kuuliza kama mwenye lupango iko, kwa maana habari ya namna ile inapewa kwanza mwanaume wa nyumba.

Verdiane alikuwa amekaa mbele ya lupango ya mwisho, kule juu kabisa, anachagua maharagi. Alitazama barabara, kisha akarudisha macho kwenye lungo. Mutoto wake wa kwanza, Séraphin, alikuwa Walikale anachimbia wazungu mawe ya madini kwa vita yao, pamoja na wanaume wengi wa kilima. Mwanaume wa nyumba naye hakuwako. Kazi ya Leta ilikuwa imemukamata tangu juma iliyopita.

Pembeni yake alikaa Sidonie, muuzaji wa samaki wa Bweremana, mwanamuke wa mudomo mingi. Alisikia sifa za mukimbiaji tangu Mushaki, akapanda makusudi ili amuone kwa macho. Watu walimwambia: kaa kwa lupango ya juu, pale njo anakunywaka maziwa.

"Yesu! Njo ule?" Sidonie aliuliza. "Ule mufupi? Mi nilizania iko murefu kama muti!"

"Njo ule."

"Weye unamuonaka karibu. Iko muntu wa namna gani?"

Verdiane alitupa punje iliyooza. "Iko muntu tu. Kisigino inapasukaka, njo anapakaa siagi ya ngombe. Asubuhi anakoholaka. Akikaa tu analala, hata chakula ingali mukononi."

"Na hajisifu?"

"Ajisifu nini? Ukimuuliza mbio, anakuuliza kama mvua ilinyesha huku."

Sidonie alicheka, halafu akaona anacheka peke yake. Hakuelewa. Verdiane akamueleza ile sheria ya kutembea, kwa sauti ya kueleza bei ya chumvi. Sidonie akageuka kutazama barabara.

Kule chini Hakorimana alifika kwa Mukandayisenga. Bwana yake pia alikuwa kwenye mawe. Mwanamuke alishika muti ya lupango kwa mikono mbili. Hakorimana aliinamisha kichwa, akamusalimia, akapita. Mukandayisenga alikaa chini kwenye udongo, akacheka na kulia pamoja, bila haya.

Akapita lupango ya pili. Akapita ya Rosalie, muke wa katekista, na Rosalie akapiga alama ya musalaba. Kila pahali alipopita, watu walipumua, kisha wakageuza macho kutazama juu.

Verdiane aliona macho yao. Alizania atatetemeka. Hakutetemeka. Mikono iliendelea kutenga punje nzuri na mbaya, na ndani yake mulikuwa kimya tu, kama nyumba ambayo watu wote wamekwenda misa. Ile kimya njo ilimuogopesha kuliko kitu kingine.

"Mama, labda muguu inamuuma tu," Sidonie alisema pole pole.

"Angekimbia nayo vile vile."

Akaweka lungo chini. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu ya maziwa, ile ya kila siku. Akikunywa, Séraphin iko muzima. Hakuwaza kitu kingine. Akasimama kwenye mulango wa lupango na kibuyu mukononi.

Hakorimana alipanda sehemu ya mwisho. Karibu, alikuwa mudogo zaidi. Vumbi ilikuwa imemushika kwenye kope, na midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Pale njo barabara ilikuwa inageuka kwenda Masisi. Hakugeuka.

Alisimama inje. Akatoa mufuko kwenye mugongo, akauweka chini. Verdiane akamunyoshea kibuyu. Hakorimana aliitazama, akameza mate, na mikono yake ikabaki pale pale pembeni ya mwili.

"Kunywa," Verdiane alisema.

Hakunywa. Sidonie alijifunika uso na kitambaa.

Hakorimana alifungua mudomo kama alivyoufungua mbele ya lupango nyingi za watu, kwa sauti ile ile ya kazi, bila kumutazama muntu.

"Mama, mwenye lupango iko?"

Verdiane alirudisha kibuyu kwenye kifua chake.

"Mwenye lupango njo weye, Baba Séraphin."